Alama 169: jinsi ya kujiandaa kuingia kwenye majaribio ya dawa za Crohn

Nesi wa utafiti aliniambia kwa upole kwamba nimepata alama 169 kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa wa Crohn, na wao walikuwa wanachukua watu kuanzia 220. Nikamshukuru, nikavaa koti, nikapanda basi kurudi nyumbani. Kabla ya kufika kituo changu nilishuka njiani mara mbili kutafuta choo.

Nilikuwa mgonjwa kweli. Lakini kwenye fomu nilizojaza kwa mkono wangu mwenyewe ugonjwa ule haukuonekana.

Mara ya pili niliingia. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Leicester alipewa namba yangu na shangazi yake, akanipigia huku sauti inamtetemeka: "Dada, mimi naumwa hivi, halafu wananiambia sistahili. Wanataka nifike wapi?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, kaa chini, chukua kalamu." Tuliongea saa mbili. Hapa naandika niliyomwambia, pamoja na yale niliyokumbuka baada ya kukata simu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 43, nalea wazee hapa Birmingham, zamu ya usiku. Si daktari. Crohn nimeishi nayo miaka sita tangu ijulikane kwa jina, na mingine kabla ya hapo nikiwa natibiwa kitu kingine. Kwa asiyeijua: ni ugonjwa wa vidonda na uvimbe kwenye njia ya chakula, popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na hupenda sana pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Jina limetokana na Burrill Crohn wa New York, ambaye yeye na wenzake wawili waliuandikia mwaka 1932. Dawa ya kuuondoa kabisa haipo. Zipo za kuutuliza, na kila moja ya hizo mpya, tangu infliksimabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilipita kwenye matumbo ya watu waliokubali kujaribiwa.

Kustahili maana yake nini

Wengi hudhani nafasi hupewa mwenye hali mbaya kuliko wote. Sivyo. Watafiti wanatafuta watu wanaofanana kwa mambo fulani, ili mgonjwa akipata nafuu ijulikane ni dawa iliyompa. Wanataka pia wasimdhuru mtu mwenye jambo jingine lililojificha mwilini. Kwa hiyo kila utafiti una orodha mbili: vigezo vya kukuingiza na vigezo vya kukutoa. Unatakiwa utimize vyote vya kwanza, na usiwe na hata kimoja cha pili.

Orodha hizo hazifanani. Chukua tafiti tatu ambazo zimeshamalizika. PROFILE ya hapa Uingereza ilichukua watu 386 ambao Crohn yao ilikuwa imegundulika karibuni tu, ndani ya miezi mitatu. Nusu walianzishwa mapema infliksimabu pamoja na dawa ya kupunguza kinga, na asilimia 79 kati yao walibaki wametulia hadi wiki ya 48 bila steroidi wala upasuaji. Wale waliopandishiwa dawa hatua kwa hatua ilikuwa asilimia 15. Matokeo mazuri sana, lakini mimi mwenye miaka kadhaa ya ugonjwa wasingenipokea. SEAVUE ililinganisha ustekinumabu na adalimumabu, ikataka watu ambao hawajawahi kutumia dawa ya kibayolojia (zile zinazotengenezwa kwa chembe hai, kama infliksimabu) hata moja. SEQUENCE ililinganisha risankizumabu na ustekinumabu, ikataka kinyume chake: watu ambao dawa za kundi la infliksimabu na adalimumabu zimewashinda. Mgonjwa yule yule angekataliwa huku, akapokelewa kule. Ukikataliwa na mmoja usidhani umekataliwa na wote.

Faili lako

Nunua faili la plastiki la bei rahisi. Ndani yake weka kwanza ripoti ya kamera waliyokuingiza utumboni na ya kinyama walichokukata utumboni siku ugonjwa ulipogundulika. Tafiti nyingi hutaka Crohn iwe imethibitishwa angalau miezi mitatu nyuma, na kwa vipimo. Barua ya daktari inayosema tu "ana Crohn" haitoshi.

Kisha andika kila dawa uliyowahi kutumia: jina, kipimo, ulianza lini, uliacha lini, na kwa nini uliacha. Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye uzito. Kuna dawa ambayo tangu mwanzo haikufanya kitu. Kuna iliyofanya kazi ikaja kuchoka. Kuna iliyokataliwa na mwili. Zote tatu huhesabiwa kuwa dawa imekushinda. Lakini ukiacha kwa sababu ulisafiri, au ulikosa hela, au uliona umepona, hapo dawa haijakushinda kwa hesabu yao. Mimi azathioprini, dawa ya kupunguza kinga, ilinitia uvimbe wa kongosho, nikalazwa siku nne. Adalimumabu ilinifaa miezi 14 kisha ikaacha kunifaa. Nilikuwa nayasimulia haya kwa mdomo tu. Nesi akaniambia simulizi hawawezi kuiingiza kwenye kompyuta, wanataka barua. Mwombe daktari wako wa utumbo akuandikie kwa sentensi hizo hizo: ilifanya kazi tangu mwezi fulani, ikaacha kufanya kazi mwezi fulani, ushahidi ni kipimo fulani.

Upasuaji nao uandike, pamoja na tarehe na urefu wa utumbo ulioondolewa. Aliyekatwa utumbo miezi michache iliyopita kwa kawaida husubirishwa. Mwenye mfuko wa haja tumboni hutolewa kwenye tafiti nyingi, kwa kuwa vipimo vyao vinategemea kuhesabu unaenda choo mara ngapi. Mwenye jipu la ndani lisilotibiwa hutolewa mpaka litibiwe. Mwenye fistula, yaani tundu lililotoboka kutoka utumboni hadi kwenye ngozi au kiungo kingine, asikate tamaa, zipo tafiti za fistula peke yake.

TB, jambo letu hasa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu waliozaliwa kwetu wanapokwama.

Dawa nyingi za Crohn hupunguza kinga. Kama una vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, dawa inaweza kuviamsha. Ndiyo maana kila utafiti wa namna hii utakupima TB hata kama hukohoi: damu, na mara nyingi picha ya kifua. Kile kipimo cha kuchoma chini ya ngozi kinaweza kuchanganywa na chanjo ya BCG tuliyochanjwa utotoni, ile iliyoacha kovu begani. Kipimo cha damu hakichanganywi nayo. Kwa hiyo wakitaka kukuchoma ngozi peke yake, waambie una kovu la BCG, uulizie cha damu.

Cha kwangu kilitoka chanya. Na hadithi ilikuwa ndefu zaidi. Kabla sijaja huku nilitibiwa Dar es Salaam miezi sita kwa kile walichokiita TB ya utumbo. Simlaumu yeyote. TB ya utumbo na Crohn hukaa pale pale, mwisho wa utumbo mwembamba, zote hukondesha, zote huleta homa za jioni, na hata chini ya hadubini huweza kufanana. Nilimeza vidonge vyote, tumbo likabaki vile vile, ndipo wakaanza kuwaza jambo jingine.

Sasa kwa watafiti swali lilikuwa moja: je, kuna maandishi kwamba alimaliza dozi? Aliyewahi kutibiwa anaweza kuendelea kuonyesha chanya miaka mingi, kwa hiyo kipimo peke yake hakiwaambii kitu kuhusu mimi. Kadi yangu ya kliniki ya TB ilikuwa Tanga, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, imefungwa pamoja na cheti changu cha ubatizo. Kaka yangu alienda akaipiga picha pande zote mbili, akanitumia. Imejaa mihuri na tiki za kila siku niliyokunywa dawa. Kwa kuwa imeandikwa Kiswahili, waliomba itafsiriwe na mtu asiye ndugu yangu. Iliwachukua siku 11 kuikubali. Bila kadi ile ningeanzishiwa upya dawa za kuzuia TB.

Kama uko nyumbani unajiandaa kusafiri, beba kadi yako. Kama umeshafika huku, piga simu nyumbani leo, kabla sanduku halijahamishwa.

Na kama kipimo chako kimetoka chanya na hujawahi kutibiwa, usitoke hospitali ukidhani mambo yameisha. Tafiti nyingi hukuruhusu kuingia ukishaanza dawa za kuzuia na kuzinywa kwa muda, mara nyingi wiki nne au zaidi. Uliza: "Protokali yenu inasema nini kuhusu TB iliyolala?" Uliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Protokali ni kanuni za utafiti zilizoandikwa.

Watapima pia homa ya ini B na C, na virusi vya UKIMWI. Wengi wetu tulikutana na virusi vya homa ya ini B utotoni bila kujua, mwili ukavishinda, alama ikabaki kwenye damu. Alama hiyo peke yake haikutoi kila mahali. Baadhi ya tafiti hupima zaidi kuona kama virusi vyenyewe vipo. Choo nacho kitapimwa amiba na bakteria wengine, kwa sababu kuhara si lazima iwe Crohn.

Daftari la siku saba

Hapa ndipo nilipoangukia mimi.

Kipimo kinaitwa CDAI, kimetumika tangu 1976. Kwa siku saba unaandika umeenda choo cha maji au laini sana mara ngapi, maumivu ya tumbo ni kiasi gani kwa namba 0 hadi 3, na hali yako kwa jumla kwa namba 0 hadi 4. Wao wanaongeza mengine: kama una maumivu ya viungo, macho mekundu yenye kuuma, vidonda mdomoni, mpasuko au fistula njia ya haja, homa, kama unatumia dawa ya kuzuia kuhara, kama kuna uvimbe wanaouhisi tumboni, wingi wa chembe nyekundu za damu, uzito. Kila kimoja kina hesabu yake. Chini ya 150 huhesabiwa umetulia. Tafiti za ugonjwa wa wastani hadi mkali huchukua 220 hadi 450.

Mpwani akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo" hata akiwa kitandani. Nilijaza daftari langu kwa adabu hiyo hiyo. Choo: nilihesabu za nyumbani, nikaacha za kazini, maana niliona aibu hata kuziandika. Zikawa 24 kwa wiki, mara 2, alama 48. Maumivu: jumla 7, mara 5, alama 35. Hali ya jumla: nilienda kazini, nilipika, nilikuwa hai, namshukuru Mungu, nikajipa 0 na 1, siku moja tu 2. Jumla 6, mara 7, alama 42. Viungo: magoti yalikuwa yananiuma, nikasema ni kwa kunyanyua wazee. Alama 0. Dawa ya kuzuia kuhara: nilikuwa nanunua vidonge vya loperamidi dukani, nameza viwili kabla ya zamu. Sikuvitaja kwa kuwa sikuandikiwa na daktari. Alama 0. Damu ilinipa 36, uzito 8. Jumla 169.

Miezi minne baadaye ulifunguliwa utafiti mwingine, nikaitwa tena. Safari hii nesi, kabla hajanipa chochote, aliniuliza: "Wiki hii umeacha kufanya nini kwa sababu ya tumbo?" Nikaanza kumtajia. Sikwenda harusi ya binamu yangu Coventry. Nimebadilishana zamu mara mbili. Siku nikiwa na safari ya basi sili kitu tangu asubuhi. Nalala na taulo chini yangu. Akaniangalia, akasema, "Hayo ndiyo uyaandike."

Nikafunga kalamu kwa uzi kwenye mlango wa choo cha nyumbani. Kazini nikaweka karatasi ndogo mfukoni mwa sare, kila nikitoka chooni napiga mstari mmoja hapo hapo, kabla ya kunawa mikono. Wiki ile nilienda mara 31: alama 62. Maumivu jumla 12: alama 60. Hali ya jumla 9: alama 63. Daktari aliyabonyeza magoti na vifundo vya mikono, akasema ni ya Crohn: 20. Loperamidi nikaitaja: 30. Damu 36, uzito 8, vile vile kama mwanzo. Jumla 279.

Ugonjwa haukuwa umezidi kiasi hicho. Naamini hata ile mara ya kwanza nilikuwa juu ya 220.

Kwa hiyo fanya hivi. Hesabu saa 24, siyo "mchana" tu. Anayefanya zamu ya usiku aulize siku yao inaanza saa ngapi. Andika papo hapo. Siku hizi tafiti nyingi zinatoa simu au programu ya kujazia, na inafunga. Siku iliyokupita huwezi kuirudia, na siku zikipungua hawana cha kuhesabu. Uliza kama siku ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo inahesabiwa, maana kwa kawaida huondolewa. Uliza pia wanatumia kipimo gani, kwa sababu tafiti za karibuni huangalia zaidi choo na maumivu tu: kwa mfano wastani wa choo laini mara 4 au zaidi kwa siku, au maumivu wastani wa 2 au zaidi. Mara 31 kwa siku saba ni wastani wa 4.4. Zile 24 zangu za kwanza zilikuwa 3.4. Unaona tofauti inavyokaa kwenye choo cha kazini.

Na usiongeze. Nakuomba kwa dhati. Kuna kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini, kuna CRP ya damu, vyote viwili vya kuonyesha uvimbe, kuna kamera, vyote vitaongea. Ukijikweza ukapita 450 pia utatolewa. Na dawa itakayoandikiwa maelfu ya wagonjwa baadaye itahukumiwa kwa yale uliyoandika wewe.

Kamera

Hata ukifuzu kwa daftari, kamera inaweza kukurudisha. Wanagawa utumbo sehemu tano: puru, upande wa kushoto, wa katikati, wa kulia, na mwisho wa utumbo mwembamba. Kila sehemu inapewa alama kwa ukubwa wa vidonda, eneo vilikoenea, eneo lililoathirika, na kama njia imesinyaa. Tafiti nyingi hutaka jumla ya 6 au zaidi. Kama ugonjwa uko kwenye utumbo mwembamba tu, 4. Mara nyingi video hupelekwa kwa msomaji wa mbali asiyekujua, na neno lake ndilo linalosimama. Kwangu daktari alihesabu 10, msomaji akatoa 9. Nikapita.

Sababu ya ukali huu nilikuja kuielewa. Mtu anaweza kuumwa kwa sababu ya kovu lililobana njia, wakati vidonda vimeshatulia. Dawa haifungui kovu. Huyo anahitaji msaada mwingine, na kumpa dawa ya majaribio ni kumchelewesha.

Dawa unazokunywa, na tarehe zake

Usiache wala usipunguze dawa yoyote mwenyewe ili ustahili. Steroidi hasa: mwili uliozizoea ukizikatiwa ghafla unaweza kuanguka. Tafiti nyingi zinakubali prednisoloni, ambayo ni steroidi, mpaka miligramu 20, nyingine zaidi, ilimradi kipimo hakijabadilika kwa wiki kadhaa. Mimi nilikuwa kwenye 15. Nilimwambia daktari wa familia mapema kwamba niko kwenye uchunguzi wa utafiti, asibadilishe kitu bila kuwapigia.

Dawa ya kibayolojia ya zamani inatakiwa iwe imetoka mwilini. Mara nyingi husema wiki nane, au mara tano ya muda ambao dawa hupungua nusu mwilini. Adalimumabu hupungua nusu kwa takriban wiki mbili, kwa hiyo mara tano ni wiki kumi. Hizo ni wiki ngumu. Kabla hujakubali, uliza nani atakuangalia katikati hapo na utapewa nini ukizidiwa.

Taja na zile ambazo hospitali haizijui. Mama alikuwa ananitumia unga wa muarobaini, na jirani alinipa habasoda. Nilivitaja vyote viwili, nikaambiwa niache unga wakati wa utafiti kwa kuwa hawajui unavyochanganyika na dawa yao. Diklofenaki tunayomeza kwa kila kiuno kinachouma nayo itaje; zipo tafiti zisizoitaka, na hata utumbo wenyewe hauipendi.

Sasa chanjo. Chanjo zenye kijidudu hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, kwa kawaida zinakufungia mlango kwa wiki nne au zaidi, na ukishaingia huruhusiwi kuchanjwa mpaka utakapomaliza na muda kupita. Sisi tunaopitia Nairobi au Addis Ababa kwenda kuona wazazi tunalijua swali la kadi ya manjano. Kama una safari ya nyumbani mwaka huu, waeleze kabla hujasaini, mpange. Chanjo ya mafua ya sindano na ya homa ya ini B si hai.

Mwanamke atapimwa ujauzito na kutakiwa kutumia uzazi wa mpango. Anayenyonyesha hasubiriwi, anatolewa. Mengine yako kwenye damu: wekundu wa damu ukishuka sana, ini likiwa limepanda, au umewahi kuwa na saratani miaka ya karibuni. Hayo huwezi kuyapanga, yatakuja kwenye karatasi.

Kutafuta, na kusaini

Anza na daktari wako wa utumbo. Mwambie wazi, "Ningependa kufikiriwa kwa utafiti." Wengi hawaulizi kwa sababu wanadhani hatutaki. Kisha tafuta mwenyewe kwenye ClinicalTrials.gov, au kwa walioko Uingereza kwenye Be Part of Research. Andika Crohn, chagua nchi, chagua zile zinazopokea watu kwa sasa. Kila utafiti uliosajiliwa ClinicalTrials.gov una namba inayoanza na NCT na tarakimu nane. Iandike kwenye faili. Shuka moja kwa moja kwenye vigezo, usome cha umri kwanza: nyingi huanzia miaka 18. Kwa walioko Afrika kuna rejesta yetu ya majaribio ya tiba, PACTR. Kumbuka utaitwa hospitali kila baada ya wiki chache kwa mwaka au zaidi, kwa hiyo uishi mahali unapoweza kufika. Mtu akikuomba pesa ili akuingizie jina, ondoka.

Fomu ya ridhaa ipeleke nyumbani uisome. Yangu ilikuwa na kurasa 31. Kama Kiingereza cha kitabibu kinakushinda, omba mkalimani wa hospitali. Usimfanye mwanao mkalimani. Kuna mambo ya mwili wako hatathubutu kuyatamka, na wewe hutayasema mbele yake. Uliza haya: kuna kundi la plasibo (dawa bandia isiyo na tiba ndani), na uwezekano wangu kuangukia huko ni kiasi gani? Nikizidiwa kabla ya wiki ya 12 mnanipa nini? Dawa ikinifaa, utafiti ukiisha nitaendelea kuipata? Nauli mnalipa? Usiku nampigia nani? Na ujue kwamba unaweza kujitoa siku yoyote, matibabu yako ya kawaida yakaendelea.

Wakikukataa

Usiondoke na neno "hustahili" peke yake kama nilivyoondoka mimi. Omba watamke kigezo chenyewe na namba yako. Uliza kama ni cha kudumu au cha muda, na kama protokali inaruhusu kuchunguzwa tena. Nyingi huruhusu mara moja. Omba nakala ya vipimo vyote walivyokufanyia, uviweke kwenye faili kwa ajili ya utafiti utakaofuata.

Yule kijana wa Leicester alipiga simu kule kesho yake. Kilichomtoa ni wekundu wa damu: 7.8, na wao walitaka 8 kwenda juu. Ameandikiwa madini ya chuma kwa mshipa, atapimwa tena baada ya wiki sita. Daftari lake nimemwambia aanze kulijaza sasa hivi, kwa mazoezi, pamoja na choo cha kazini.